Siku ya mbio za mitumbwi, nani wa kutufungia ufukwe?

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mimi ni kijana wa Ilemela, nafundisha watoto kuogelea, na nina ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ambao mgeni mmoja aliniachia. Juzi Jumamosi kulikuwa na mbio za mitumbwi kwenye mwalo wetu. Tangu alfajiri vijana wenye fulana za waandaaji walifunga kamba kuanzia njia ya kushukia ziwani hadi kwenye maji. Mjomba wangu alikuwa anarudi na dagaa, wakamkatalia kuegesha, wakamwambia atafute mwalo mwingine. Akina mama waliokuja na ndoo wakarudishwa. Mimi nikaamriwa nitoke majini, na kama nataka kutazama nilipe elfu mbili. Nikauliza kwa haki gani, jibu likawa moja tu: "Tuna kibali." Nimeona kwenye video kwamba hata Hawaii na Australia mawimbi hufungwa siku ya mashindano na wenyeji wanakaa pembeni. Je, kibali kinaweza kutufungia ziwa? Na tukigoma kutoka, tunakuwa na kosa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniletea mambo manne ndani ya swali moja, na majibu yake hayafanani. Ulipoambiwa utoke kwenye njia ya mbio ulipaswa kutoka, hata kama aliyekuambia hakuwa na lugha nzuri. Kumfukuza mjomba wako mwaloni bila kumwonyesha sehemu ya kushushia mzigo pale pale, hapo waandaaji walipitiliza. Kuwarudisha akina mama na ndoo tupu, walipitiliza zaidi. Hiyo elfu mbili inategemea karatasi, na nitakuambia ni karatasi ipi.

Nianze na maji yenyewe, maana hapo sheria haina kigugumizi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais anayashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na kama asilimia 51 yake iko upande wetu. Katika eneo lote hilo hakuna mtu binafsi, hoteli, kampuni wala chama cha michezo chenye hati ya kumiliki maji. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapa hapa Mwanza, hutoa vibali kwa viwanda, miradi ya umwagiliaji na watumiaji wengine wakubwa. Vibali hivyo vinahusu kutumia maji tu. Anayechota ya kupikia na kufulia nyumbani kwake hahitaji hata kibali hicho, sheria imemwacha huru, ila kwa sharti moja: awe na njia halali ya kuyafikia maji.

Sharti hilo, ambalo wengi hulisoma haraka haraka wakapita, ndilo lililobeba ugomvi wenu wa Jumamosi. Waandaaji hawakuwanyima akina mama maji. Waliwanyima njia. Na njia iko nchi kavu, ambako sheria ni nyingine kabisa na haki zetu si nyepesi kueleza kama watu wanavyodhani.

Wakazi wengi wa Mwanza ukiwagusa habari za ufukwe watakutajia mita sitini. "Mita sitini ni za wananchi." Nimeisikia kauli hiyo kwenye mikutano ya mtaa, na hata kwa watu waliosoma. Sivyo ilivyoandikwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au mwambao wa ziwa na bahari kwenye kundi la ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita hizo shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mwambao. Zote mbili zinakataza. Hakuna inayotamka kwamba kila mpita njia ana haki ya kuketi hapo, kuogelea au kuanika dagaa. Zinatusaidia kwa mlango wa nyuma: kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kujenga ukuta, ukanda ule hubaki wazi, na watu wanapita. Lakini kamba ya siku moja si ukuta, na ukienda NEMC, baraza la taifa la mazingira, kulalamikia kamba pekee watakusikiliza kwa upole na kukurudisha nyumbani. Nenda kwao ikiwa waandaaji walifyeka matete, walimwaga mafuta ya jenereta au waliacha chupa za plastiki zikielea hadi Jumatano. Hilo ni lao hasa.

Halafu mita sitini kutoka wapi? Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda hadi kuingia kwenye majengo ya mwambao na kumeza fukwe ambazo watoto walikuwa wakichezea mpira. Ukionyeshwa ramani yenye mstari wa ufukwe, angalia kwanza mwaka iliyochorwa. Nimeona watu wakigombea mchanga ambao kwa sasa samaki wanapita juu yake.

Kinga yenu yenye nguvu zaidi imekaa mahali ambapo watu hawaendi kutazama: kwenye ramani ya mipango miji. Chini ya Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, michoro ya eneo huonyesha viwanja, maeneo ya wazi na njia. Kama njia yenu ya kushukia ziwani imechorwa humo, ni njia ya umma, na mwenye kuifunga anahitaji ruhusa ya kufunga njia ya umma, ambayo ni tofauti na ruhusa ya kuendesha mashindano. Kama haimo, na mmeitumia miaka yote kwa mazoea tu, bado mna hoja, ila itabidi muijenge kwa mashahidi wazee na kumbukumbu za mtaa. Sheria ya Ardhi nayo ina utaratibu wa kutangaza haki ya njia kwa manufaa ya jamii, na ningependa mitaa ya mwambao iutumie kabla mambo hayajaharibika, badala ya kusubiri mwekezaji afike na nguzo. Nendeni idara ya ardhi ya manispaa mkaombe kuuona mchoro wa eneo lenu. Nendeni watatu au wanne, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Mtu mmoja huambiwa aje kesho.

Sasa tuje kwenye kile kibali walichokupungia usoni. Unalijua turubai la harusi au la msiba linalofungwa katikati ya barabara ya mtaa. Mwenye shughuli amepewa ruhusa, viti vimepangwa hadi kwenye mtaro, na kwa siku ile dereva wa bajaji anazunguka. Hakuna anayesema barabara imekuwa ya mwenye harusi. Mgonjwa akitoka nyumba ya jirani anapitishwa, viti vinasogezwa, na saa ikifika turubai linashuka. Kibali cha mashindano kwenye mwalo kinafanya kazi hiyo hiyo. Kinampa mwandaaji nafasi ya kupanga matumizi ya mahali fulani, kwa saa fulani, kwa shughuli fulani. Hakimpi uwezo wa kufuta matumizi mengine yote ambayo sheria imeyaacha, hasa yale ambayo hayagusani na mbio.

Isitoshe, mara nyingi hicho kinachoitwa "kibali" ni karatasi kadhaa, na kila moja ina mipaka yake. Halmashauri inaruhusu matumizi ya eneo la wazi au la mwalo. Upande wa michezo kuna Baraza la Michezo la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, pamoja na maofisa utamaduni na michezo wa mkoa na wilaya. Usalama wa vyombo majini uko kwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, ambalo lilichukua kazi hiyo kutoka SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. Ikiwa mahali penyewe pako ndani ya mipaka ya bandari, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ina neno lake. Polisi, wakiwemo wanamaji, wanahusika na ulinzi. Kijana wa kwenye kamba anaweza kuwa na barua ya ofisa michezo mfukoni akadhani amekabidhiwa mwalo mzima. Barua ya ofisa michezo haifungi mwalo. Ndiyo maana swali sahihi la kumuuliza siku ile lilikuwa fupi: kibali kimetolewa na nani, kinaanzia wapi hadi wapi, saa ngapi hadi saa ngapi? Mwandaaji aliyejipanga anakujibu bila kukasirika.

Hata hivyo, usitoke hapa ukidhani nakuambia ungebaki majini. Njia ya mbio, kuanzia mstari wa kuanzia hadi maboya ya kugeuzia na kurudi, ina sababu ya kufungwa ambayo mahakama yoyote itaikubali. Mtumbwi wenye wapiga makasia kumi na kitu hausimami ghafla. Wako chini, maji yanawarukia usoni, wanasikiliza sauti ya anayewahesabia, na kichwa cha mwogeleaji katikati ya mawimbi hawakioni. Boti ya uokoaji nayo inatakiwa ipite kwa kasi bila kukwepa watoto wenye madumu ya kuelea. Ziwa hili limetuzika watu wengi mno: MV Bukoba mwaka 1996, MV Nyerere pale karibu na Ukara Septemba 2018. Mwandaaji asiyeondoa watu kwenye njia ya mbio ndiye ningemshitaki kwanza. Kwa hiyo wewe na wanafunzi wako kutolewa pale ilikuwa sawa. Kosa lao lilikuwa kutokukuambia ni wapi pengine mngeweza kuogelea, na kuifunga hata sehemu ambayo mtumbwi haukanyagi.

Umenitajia Hawaii na Australia, na ni vizuri, kwa sababu mfano huo unafundisha kitu tofauti na unachodhani. Hawaii, ufukwe ni wa umma hadi pale mawimbi yanapofika juu kabisa, msimamo ambao Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliuweka mwaka 1968. Kwa msingi huo hakuna mwandaaji wa mashindano anayeweza kudai wimbi ni lake. Anaomba kibali cha jiji la Honolulu kwa ajili ya bustani ya ufukweni na cha jimbo kwa ajili ya maji, na mamlaka huweka kikomo cha mashindano, kwa kuwa wenyeji nao wanataka kuteleza majira ya mawimbi makubwa. New South Wales, Australia, wana leseni maalumu kwa mashindano ya majini yanayowabana watumiaji wengine. Unachokiona kwenye video, wenyeji wakikaa pembeni, ni matokeo ya karatasi hizo zenye tarehe, saa na mipaka. Pasipo na karatasi, mwandaaji huwa anaomba tu, na wenyeji huamua kama wana roho nzuri siku hiyo.

California wamekwenda mbele kidogo, na huko ndiko ningependa waandaaji wetu waangalie. Kuna wimbi moja kubwa sana karibu na Half Moon Bay, linaitwa Mavericks. Mwaka 2016 Tume ya Pwani ya California, ambayo kazi yake ni kulinda haki ya umma kufika baharini, iliwawekea waandaaji sharti: kibali mtapata, lakini muwe na mashindano ya wanawake pia. Hoja ilikuwa rahisi. Mnaomba kuwaondoa watu wote kwenye mali ya umma kwa siku nzima, basi msiutumie upendeleo huo kwa wanaume peke yao. Mwaka 2019 jimbo likatunga sheria kwamba mashindano yanayopewa kibali kwenye ardhi ya jimbo yatoe zawadi sawa kwa wanawake na wanaume. Unaona nguvu ilipo? Iko kwenye masharti ya kibali. Umma unapokubali kusogea, umma unadai kitu. Sisi huku tunasogea bure, halafu tunalalamika Jumatatu.

Kuna tofauti moja ambayo inazidi kuwapunguzia hoja waliowafungia. Wimbi zuri la kuteleza linapasuka pale linapopasukia kwa sababu ya mwamba au mchanga ulio chini yake. Huwezi kulihamisha, na juu yake anapanda mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukilifunga kwa mashindano, mwenyeji hana pa kwenda. Njia ya mbio za mitumbwi ni maboya na bendera. Inaweza kusogezwa mita mia mbili kaskazini na mashindano yakawa yale yale. Kwetu kinachokosekana ni kitu kingine: mchanga wa kutulia. Unajua mwambao wa Mwanza ulivyo, mawe juu ya mawe hadi ndani ya maji. Sehemu laini ambazo mtumbwi unaweza kupanda bila kupasuka ubao ni chache, na hizo hizo ndizo wavuvi, wachotaji, wafuaji, waogeleaji na waandaaji wanazozitaka wote kwa pamoja. Kwa hiyo mgogoro uko kwenye mita chache za mchanga, na ufumbuzi wake uko hapo hapo.

Ndiyo maana suala la mjomba wako nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Mwalo si ufukwe wa starehe. Ni sehemu ya kazi inayotambulika chini ya sheria za uvuvi. Hapo ndipo samaki wanaposhushwa, ofisa uvuvi anapokagua, ushuru unapotozwa na takwimu zinapochukuliwa. Ukimwambia mvuvi aende kwingine, unamsukuma ashushie kwenye kichaka au bandari bubu, halafu wiki ijayo doria inamkamata kwa hilo hilo. Na dagaa hawasubiri. Waliovuliwa usiku wakikaa kwenye mtumbwi hadi saa sita jua likiwa kali, wanaoza. Akina mama wa kuanika wanakosa mzigo, na hasara hiyo inaonekana kwa fedha, tena siku ile ile. Mjomba aandike: aliwasili saa ngapi, alikuwa na ndoo ngapi, alishushia wapi, aliuza kwa bei gani, na bei ya mwaloni siku ile ilikuwa ngapi. Aambatanishe risiti ya mafuta ikiwa alizunguka. Aipeleke karatasi hiyo BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wenu, na BMU iipeleke kwa ofisa uvuvi na mkurugenzi wa manispaa. Kikundi hicho kina sauti ambayo mvuvi mmoja hana, na kwa haki kabisa waandaaji walipaswa kukaa na BMU kabla ya kutangaza tarehe. Nina wasiwasi kwamba walikaa na mwenyekiti wa BMU peke yake, wakamaliza huko.

Elfu mbili. Kuna malipo ya namna mbili na msiyachanganye. Ikiwa ni ushuru wa halmashauri, lazima uwe na msingi kwenye sheria ndogo iliyotungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na malipo yake yawe na namba ya malipo ya serikali au risiti ya mashine ya POS. Tiketi iliyopigwa mhuri kwenye duka la vifaa vya ofisi haitoshi. Ikiwa ni tiketi ya mwandaaji, anaweza kuiuza kwa kitu anachokitoa: kiti, kivuli cha hema, muziki jukwaani, sehemu aliyoizungushia uzio kwa ruhusa. Kupita kwenda majini au kusimama kwenye jiwe la mtaa wenu na kutazama ziwa si huduma aliyoiandaa yeye. Kama wewe ulitakiwa kulipa kwa kusimama tu kwenye njia ya siku zote, nadhani hukuwa na deni naye.

Ningejibu tofauti kama mbio zingefanyika mbele ya hoteli. Hapo mwenye hati anaweza kukutoza au kukukatalia kupita kwenye kiwanja chake, siku ya mashindano na siku nyingine yoyote. Maji yaliyo mbele si yake, na ukija kwa mtumbwi hana la kusema ukiwa umeelea. Ukiruka uzio wake, hiyo inaweza kuwa jinai, na sitakuja kukutetea kwa furaha.

Mkigoma kutoka? Kijana mwenye fulana si askari na hana mamlaka ya kukukamata kwa sababu tu umebishana naye. Askari akikuamuru uondoke kwenye njia ya mbio kwa ajili ya usalama, ondoka, kisha andika jina la kituo chake, saa na maneno aliyosema. Ubishi na polisi mbele ya umati wenye ngoma na bia haujawahi kumpa mtu haki ya njia. Piga picha ya kamba ilipoanzia na ilipoishia, ukiwa na alama inayotambulika nyuma yake, jiwe au mti. Ushahidi wenu mkubwa utakuwa picha inayoonyesha maji matupu upande ambao mtumbwi haukupita, huku akina mama wakizuiwa nyuma ya kamba.

Mahakamani sikushauri kwa sasa. Anayetaka kuishitaki Serikali anatoa notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 halmashauri nazo zimo kwenye utaratibu huo. Mbio za mitumbwi ni za Jumamosi moja. Mawakili wana ombi la zuio la dharura wanaloliita Mareva, kwa ajili ya kipindi kile cha kusubiri notisi iishe, nami nimeona likitumika kwenye migogoro ya ardhi yenye fedha nyingi. Kulitumia kwa kamba ya siku moja ni gharama ambayo mtaa wenu hautarudishiwa. Kwa mwandaaji binafsi mjomba anaweza kudai hasara yake kama madai ya kawaida, na hapo hesabu niliyomwambia aiandike itafanya kazi. Lakini jaribuni mazungumzo kwanza. Waandaaji wanataka kurudi mwaka ujao, na wadhamini wao hawapendi mabango ya akina mama wenye ndoo.

Basi mwaka ujao msisubiri kamba. Pindi mtakaposikia tangazo, BMU na serikali ya mtaa waandike barua kwa mkurugenzi wa manispaa, nakala kwa ofisa michezo, TASAC na mkuu wa polisi wa wilaya, wakiomba masharti yaingizwe kwenye kibali. La kwanza, na ningeling'ang'ania hata mengine yakikataliwa, ni ukanda wa kudumu wa kupita: upande mmoja wa mchanga, wenye bendera ya rangi yake, ambako mitumbwi ya uvuvi inaingia na wachotaji wanashuka siku nzima, mbio zikiwepo zisiwepo. Mitumbwi miwili ikiweza kukaa ubavu kwa ubavu, inatosha. Kamba ya majini ifungwe dakika chache kabla ya kila mbio na ifunguliwe kati ya mbio moja na nyingine. Nimehudhuria mashindano ambapo ilikaa imefungwa saa nzima wakati washindani wanakula.

Sharti jingine ni la kalenda, na hili mjomba wako anaweza kulieleza vizuri kuliko mimi. Waandaaji wanapenda asubuhi kwa sababu ziwa limetulia. Mchana upepo unageuka ukitoka ziwani, mawimbi yanapanda na mitumbwi inaingia maji. Lakini asubuhi ndipo wavuvi wa dagaa wanaporudi. Wote wawili wana sababu, na kusogeza saa hakutawapatanisha. Kusogeza tarehe kunaweza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Mbio zikipangwa siku za mbalamwezi, mwalo utakuwa nusu tupu, na baadhi ya wavuvi hao hao watakuwa wameshika makasia. Wazee wa mwaloni wanajua tarehe hizo kwa kichwa. Ofisini hakuna anayewauliza.

Na mkiwa mnaandika, ongezeni lile la Mavericks: timu za wanawake ziwepo, na zawadi zao zisiwe za kuwapoza. Kina mama ndio waliorudishwa na ndoo.

Kuhusu ubao wako na wanafunzi wako, siku ya mashindano kaeni nje ya maboya kabisa, na usijaribu kuteleza kwenye wimbi la boti ya waamuzi hata kama linavutia. Siku za kawaida, kumbuka kwamba anayeingiza watoto wa watu majini ana wajibu wa kisheria wa kuwaangalia. Pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi, kila mtoto avae boya, na wapelekeni kituo cha afya wapimwe kichocho, kwa sababu maji ya ukingoni kwetu yanacho.

Ukifanikiwa kupata nakala ya kile kibali cha Jumamosi, nipigie picha kurasa zote, hasa ile ya mwisho ambako masharti huwa yameandikwa kwa herufi ndogo. Halmashauri ikikukatalia nakala, niambie ni ofisi gani na walijibu nini, nami nitakuandikia barua ya kuombea taarifa hiyo.